Linajengwa

Kanisa la Sagrada Família mjini Barcelona lilianza kujengwa mwaka 1882. Antoni Gaudí alikabidhiwa kazi mwaka uliofuata, akafariki 1926 likiwa mbali na kukamilika. Kwa Kiswahili neno moja linatosha kuieleza hali yake: linajengwa. Mhispania akitaka kulisema lote hupanga mawe matatu baada ya jina: *La basílica está siendo construida*.

Nayapenda mawe hayo. *Está* asili yake ni kitenzi cha Kilatini cha kusimama. *Siendo* limetoka kwenye kile cha kukaa kitako. Toa *siendo*, ibaki *está construida*, na kazi imekwisha: limeshajengwa, mafundi wamekusanya zana wakaenda zao. Kineno hicho cha katikati ndicho kinachowaweka juu ya jukwaa, nyundo mkononi. Chenyewe hakibadiliki kamwe. Kinachobadilika ni *construida*, kinachoishia na *a* kwa kuwa *basílica* ni neno la kike; ungesema *templo*, kingekuwa *construido*. Sisi upatanisho tunaufunga kichwani mwa kitenzi, wao mkiani.

Hata hivyo, wenyewe huiona sentensi hiyo nzito. Mtaani utasikia zaidi *se está construyendo*, au *están construyendo*, yaani wanajenga, bila kumtaja mjenzi. Wapo hata wanasarufi walioitilia shaka kwamba inanukia Kiingereza. Mimi naitetea, na shahidi wangu ni shahidi hasa, yule wa mahakamani.

*El testigo está siendo interrogado*: shahidi anahojiwa. Sasa tumia ile njia nyepesi, *el testigo se está interrogando*, na ghafla anayeuliza ni yeye huyohuyo: anajihoji. Mtoto wa Kiswahili hutofautisha anaoshwa na anajiosha kabla hajakanyaga shule, maana lugha imempa *-w-* na *-ji-* kila moja mahali pake. Kihispania kimeitwisha *se* mizigo yote miwili, ndiyo maana panapokuwa na mtu anayetendwa, umbo refu huweza kuitwa kazini.

Hapa ndipo ninapouheshimu ufundi wa mfasiri. Akikutana na *se*, hutua kalamu, akatazama nani ameshika nyundo na nani yuko chini yake. Kama ni jiwe, hupita: jiwe halijijengi. Kama ni mtu, hurudi nyuma akasoma tena ukurasa mzima, kisha ndipo anapochagua: *w* au *ji*.