PIN ya Simu Haitoshi Kufunga PDF

Anayepokea taarifa ya benki kwa barua pepe anaujua utaratibu: unagusa faili, PDF inadai nenosiri, unaingiza namba ya kitambulisho, inafunguka. Wengi wamejifunzia hapo jinsi nyaraka zinavyofungwa. Basi siku wakitaka kumtumia mtu mkataba wa kiwanja au nakala ya pasipoti, wanaifunga kwa PIN ile ile ya simu, tarakimu nne.

Kwenye simu yenyewe, tarakimu nne zina mlinzi. Ndani ya iPhone mna sehemu ya chipu iitwayo Secure Enclave: ukikosea mara kadhaa inakuchelewesha, na ukiipa ruhusa, simu inajifuta baada ya makosa 10. Simu za Pixel za Google nazo zina chipu ya kazi hiyo, ya familia ya Titan M, tangu Pixel 3 ya mwaka 2018. PIN ziko 10,000 tu, lakini mwizi hafiki mbali kwa sababu kuna anayehesabu.

PDF haina anayehesabu. Aliyeipata nakala anaihamishia kwenye kompyuta, anachomoa data ya kufuli kwa zana iitwayo pdf2john, kisha anaikabidhi kwa John the Ripper au hashcat, programu za bure zote mbili, zikisie usiku kucha yeye amelala. Namba ya kitambulisho yenye tarakimu 8 haina uwezekano unaozidi milioni 100. Kompyuta ikijaribu milioni 1 kwa sekunde, inamaliza zote kwa sekunde 100. PIN ya tarakimu nne hata usiitaje.

Msomaji atasema: lakini programu yangu imeandika kwamba inafunga kwa usimbaji wa AES-256. Sawa, na hapo kuna kisa ambacho wauzaji wa programu hizi hawakipendi. Mwaka 2008 Adobe walitoa Acrobat 9, programu yao ya PDF, ufunguo wa usimbaji ukarefushwa kutoka biti 128 hadi 256. Ila toleo lililotangulia lilikuwa likisaga nenosiri kwa mizunguko mingi kabla ya kulikubali au kulikataa, na Acrobat 9 ikaja na mzunguko mmoja tu wa hesabu iitwayo SHA-256. Ufunguo ukawa mrefu zaidi, ukisiaji nao ukawa mwepesi kuliko zamani. Dosari hiyo ilirekebishwa katika Acrobat X, na njia mpya ndiyo iliyoingia katika kiwango cha PDF 2.0 mwaka 2017. Kwa hiyo namba 256 peke yake haikuambii kitu. Kinachokulinda ni nenosiri refu. Maneno matano yaliyookotwa ovyo kutoka orodha ya maneno 5,000 yangeichukua kompyuta ile ile karibu miaka laki moja kuyamaliza. Yasiwe methali, maana methali zinaorodheshika.

Kuna pia nenosiri la kuzuia kuchapisha au kunakili tu. Hilo linategemea adabu ya programu inayofungua faili. Zisizo na adabu zinalipuuza.

Sasa utekelezaji. Kwenye iPhone, programu ya Files ina chaguo la Lock PDF, na kazi yote inafanyika ndani ya simu. Watumiaji wengi wa Android hukimbilia tovuti za kufunga PDF bure, jambo linalonishangaza kila mara: unapakia waraka ukiwa wazi kwenye seva ya mtu usiyemjua, ili akufungie. Tafuta programu inayofanya kazi hata data ikiwa imezimwa. Kama waraka hautoki kwenye simu, PDF haihitaji nenosiri kabisa. Secure Folder ya Samsung au folda salama ya Files by Google inatosha, mradi usisahau PIN ya folda hiyo, kwani Google hawawezi kukurudishia kilichomo.

Baada ya kufunga, fungua kidhibiti faili. Nakala isiyo na nenosiri mara nyingi bado imekaa kwenye Download, na kama uliwahi kuituma kabla, nyingine iko ndani ya WhatsApp Documents, kwenye folda ya Sent. Zifute zote, kisha pitia na pipa la taka. Nenosiri lenyewe mpigie simu mpokeaji umtajie. Usiliandike kwenye barua pepe iliyobeba faili.