Juu ya Maneno "Ulanga", "Kimia" na "Mtetemo"

Ulanga ulichimbwa katika milima ya Uluguru tangu zama za Wadachi, na mtu aliyeokota kipande chake ajua kuwa hubanduka kwa ukucha, tabaka kwa tabaka. Lakini wengi waulezapo husema tu kwamba hung'aa na kuchanika. Hayo ni masifu, si maelezo.

Sababu yake hudhihirishwa na miali iliyo chini ya nyekundu, isiyoonekana kwa macho. Ipitapo katika ulanga, baadhi yake humezwa, nayo ni ile ilinganayo na mwendo wa kutetema wa atomi. Penye mawimbi 1,000 hivi kwa sentimita hutetema silikoni na oksijeni, zilizoshikana imara ndani ya tabaka. Penye 3,600 na kidogo, oksijeni na haidrojeni. Chini ya 200, potasiamu, iliyoshikwa kwa ulegevu baina ya tabaka na tabaka. Hapo ndipo upitapo ukucha.

Basi wafasiri waandikao "mtetemeko" hawakuchagua vema: huo ni wa ardhi, huja ukakoma, wa atomi haukomi. "Mtetemo" wafaa zaidi. "Kimia" nalo ni neno zuri kwa mpango wa atomi, maana jicho moja likivutwa, mengine nayo huvutika. Ila kimia ni kitambaa kimoja, na ulanga ni vimia vingi vilivyopangwa. Mfasiri asiyetaja tabaka ameliacha jambo lenyewe mlimani.