Mafuta ya Ganda la Korosho

Kabla hajaketi kwenye mashine, mbanguaji wa Newala hupaka mikono mafuta au majivu. Korosho iliyokwisha kupikwa kwa mvuke na kupoa huilaza kati ya visu viwili, akavuta mpini taratibu mpaka ganda liseme, kisha akachokoa kiini kwa ncha ya kisu. Akivuta kwa pupa, kiini hukatika na bei yake hushuka. Ndani ya ganda mna mafuta mazito ya kahawia yanayobabua ngozi. Ustadi wake mkubwa ni kuyaepusha na kiini.

Mafuta hayo anayoyakwepa, mkemia anayataka. Egid Mubofu na wenzake wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wametumia asidi yake kutengeneza chembe za nano. Katika Chuo Kikuu cha Salento, mjini Lecce, Italia, Giuseppe Mele na wenzake wameyageuza kuwa vifuko vya kubebea dawa inayoamshwa na mwanga.

Kazi huanza kwa moto. Mafuta yakikaribia nyuzi 200 za Selsiasi hutoa povu, kwani asidi inaachia kaboni dayoksaidi. Kinachobaki ni kadanoli, nayo hukenekwa katika chombo kilichonyonywa hewa mpaka itoke ya manjano hafifu. Molekuli yake ina kichwa kinachovumilia maji na mkia wa kaboni 15 unaoyakimbia.

Hapo ndipo subira inapohitajika. Kadanoli huchanganywa na kolesteroli ya kuimarisha kuta, pamoja na porfirini, rangi ya zambarau. Kisha huja maji yenye alkali kidogo, yenye joto la karibu kuchemka, na kukoroga bila kukatiza. Mikia hujificha pamoja, vichwa huelekea majini, na kuta hujikunja zenyewe kuwa vifuko vidogo kiasi kwamba zaidi ya mia vingepangwa kukatiza unywele mmoja. Porfirini hubaki imenasa ukutani.

Ikimulikwa, porfirini hung'aa nyekundu, na kwa mng'ao huo uvimbe unaweza kuonekana. Vilevile huipa oksijeni iliyo jirani ukali wa kuua seli. Kwa vifuko vya kadanoli, hayo bado ni ya maabara, na maabara haina haraka: mwali wa leza hupitishwa kwenye chupa, mtawanyiko wake husomwa, na vifuko vikionekana kupishana mno kwa ukubwa, joto na kipimo cha kolesteroli hurekebishwa, mchanganyiko ukaanza upya.