Swichi ‘ikifungwa’, stima inapita au inakatika?

Likizo iliyopita nilikuwa Kikoneni, Kwale, nikingoja feni yangu itengenezwe. Kando ya fundi, kijana wa kidato cha tatu anayejifunza kazi kwake alikuwa akimfasiria ukurasa wa kitabu cha Fizikia: “Swichi ikifungwa, mkondo huanza kupita na kapasita huchajiwa.” Fundi akaangua kicheko. “Wee mwanangu, swichi ikishafungwa, huo mkondo utapita wapi tena?”

Mimi niko upande wa fundi.

Katiba ya 2010 ilikifanya Kiswahili lugha rasmi, ila Fizikia shuleni ingali ya Kiingereza. Kwa hiyo tafsiri hufanyika papo hapo, kwenye benchi la fundi, neno kwa neno. Mwingereza hutazama pengo kati ya nyaya mbili: likizibwa, sakiti imekamilika. Sisi hutazama kile kinachopita. Ukifunga mfereji, maji hukatika. Ukifungulia redio, inaongea. Ukimwambia mtu “funga swichi”, ataizima. Fundi naye ana maana yake nyingine kabisa: yeye hufunga taa, feni na soketi, yaani huziweka ukutani au darini.

Atatokea wa kunijibu kwamba kufunga pia ni kuunganisha, mbona twafunga ndoa? Sawa, lakini ndoa haina kitufe.

Tutazame jambo lenyewe. Chukua betri ya volti 9, rezista ya kiloomu 10 na kapasita ya mikrofaradi 470 isiyo na chaji. Swichi ikiunganisha nyaya, kapasita hiyo mwanzoni ni kama waya tu, na mkondo huanza kwa miliampea 0.9. Kadiri inavyojaa ndivyo inavyoukataa mkondo. Baada ya sekunde 4.7 imefikia karibu volti 5.7, baada ya sekunde 24 hivi imekaribia 9, na mkondo ni kama haupo. Walimu wengi huifananisha na ndoo chini ya mfereji. Hapana! Ndoo hujaa kwa kasi ile ile mpaka ikafurika. Afadhali pipa kubwa lililojaa na dogo lililo tupu, yameunganishwa chini kwa mpira: maji hukimbia mwanzoni, kisha hupunguza mwendo, na hutulia yakilingana kimo.

Tena ukizima, kapasita haijimwagi papo hapo. Hiyo ya volti 9 haina neno. Lakini ndani ya televisheni ya zamani, mamia ya volti yaweza kubaki hata baada ya plagi kuchomolewa. Sasa mfikirie huyo kijana akifasiri onyo la Kiingereza kuwa “fungua swichi kabla ya kugusa”. Kwa Kiswahili cha mama yake, ameambiwa awashe, kisha atie mkono.

Nyumbani, “washa” na “zima” zatosha. Katika sakiti tuseme swichi “inaunganisha” au “inatenganisha”, na “kufunga” tuwaachie mafundi.

Kijana alikata neno lake, akaandika “ikiunganisha”. Fundi alilitazama, akasema “haya”, akarudi kwenye feni yangu. Kilichokuwa kimekufa ni kapasita.