Ukimfuata, Utamkuta?

Uongo wa zamani ulijifichua kwa lugha mbovu. Siku hizi unaandikwa kwa Kiswahili sanifu, aya zimepangika, na jina la daktari limo. Ndiyo maana nikisoma makala ya afya mtandaoni, ufasaha haunitikisi. Naangalia kama mwandishi ameacha nyayo: nani kasema, wapi, lini, na je, nikimfuata nitamkuta?

Chukua habari iliyozagaa Mei 2020. Mwezi mmoja kabla, Rais wa Madagaska wa wakati huo, Andry Rajoelina, alikuwa amezindua Covid-Organics, kinywaji cha mmea wa artemisia. Basi ikavuma kwamba Shirika la Afya Duniani limemwahidi dola milioni 20 akitie sumu, naye ameyasema hayo alipohojiwa na France 24. Waliobuni habari hiyo waliifuma kwa nyuzi za kweli: rais yupo, kituo kipo, na mahojiano yalifanyika mwezi uleule. Lakini ukiyasikiliza mwanzo hadi mwisho, ahadi hiyo humo haimo. Wengi hawakuyasikiliza, walitosheka kwamba chanzo kimetajwa. Makala inayotaja mahojiano bila kukupa kiungo, au tarehe ya kuyatafutia, ikutie shaka hapohapo. Aliyeyasikia kweli hana sababu ya kukuficha mlango.

Hata ukipewa mlango, ingia. Makala za kupinga chanjo hupenda kutaja utafiti wa Andrew Wakefield uliochapishwa na The Lancet mwaka 1998, uliodokeza kuwa chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela ina uhusiano na usonji. Jarida ni mashuhuri na kiungo kinafunguka. Ingia sasa: watoto waliochunguzwa ni 12 tu, na jarida lenyewe liliufuta utafiti huo mwaka 2010. Taarifa ya kufutwa ipo wazi kwa yeyote anayefika. Anayeutumia leo bila kusema umefutwa, ama hakufika huko, ama alifika akanyamaza. Kwangu mimi wa pili ni mbaya zaidi, maana aliujua ukweli akauficha kwa watu wenye watoto wa kuchanjwa.

Picha haina haja ya maneno mengi: itafute Google kwa picha yenyewe, mara nyingi utaikuta ilishatumika miaka ya nyuma, katika nchi nyingine.

Kuna alama moja ambayo wasomaji huielewa kinyume. Chini ya makala utakuta mstari mdogo: toleo la awali lilikosea idadi fulani, tumerekebisha. Wengi wakiuona huvunjika moyo. Mimi hapo ndipo imani inapoanza, kwa sababu nimejua kuna mtu anayeulizwa na anayejibu. Kurasa za uzushi hazisahihishi. Zikibanwa hufuta kimyakimya, kesho zikaja na jingine.

Shangazi yangu hunitumia makala za dawa za kisukari karibu kila wiki, kwa upendo kabisa. Zamani nilimjibu kwa neno moja, "uongo", naye akanuna. Sasa namwandikia: "Shikamoo shangazi. Huyu daktari yuko hospitali gani, tumpigie?" Juzi, kabla sijamuuliza, alinitumia nyingine, chini yake kaandika: "Huyu nimemtafuta, sijamwona."