Usafishaji wa Santuri na Hatima ya Matamshi

Mwaka 1952, huko Jadotville, yaani Likasi ya leo, Hugh Tracey alimrekodi Jean-Bosco Mwenda. Wimbo wake "Masanga" ulitolewa katika santuri ya Gallotone ya mizunguko 78 kwa dakika. Kwa mpenda muziki, santuri za namna hiyo ni gitaa na sauti tamu. Kwa mwanaisimu, zile zilizoimbwa kwa Kiswahili ni pia ushahidi wa namna lugha hiyo ilivyotamkwa Katanga kabla ya uhuru. Hivyo basi, kazi ya kuziingiza katika kompyuta na kuzisafisha haipimwi kwa utamu peke yake.

Programu za kusafisha hufanya mambo mawili hasa. Kwanza, hutafuta mruko wa ghafla katika mawimbi ya sauti, huukata, kisha huziba pengo kwa kukisia kutoka pande zake mbili. Pili, hupewa sampuli ya kelele tupu iliyotangulia wimbo, na kupunguza kila kinachofanana nayo.

Hapo ndipo penye hatari. Mpasuko wa p, t na k, kama ulivyo mdonoo wa kidole juu ya uzi wa gitaa, nao ni mruko wa ghafla. Tena nguvu ya s iko zaidi juu ya hezi 4,000, na ya sh chini yake kidogo, mle mle mnamojaa mchakacho wa santuri. Mchakacho ukipunguzwa kupita kiasi, sauti hizo mbili hufifia na kukaribiana. Lubumbashi husema "shiye" pale Unguja wasemapo "sisi". Mtafiti aliyepewa nakala iliyosafishwa mno atajuaje mwimbaji alitamka lipi?

Itajibiwa kwamba kelele nayo huficha maneno. Ni kweli, na kwa sababu hiyo usafishaji haukataliwi. Kinachodaiwa ni utaratibu. Santuri ioshwe, ile ya lakiri bila alkoholi, maana huiyeyusha. Sindano ilingane na upana wa mfereo. Nakala ya kwanza ihifadhiwe bila kuguswa, kama inavyoelekeza IASA: biti 24, na kilohezi 48 kwa uchache. Usafishaji ufanywe juu ya nakala ya pili, na kila hatua iandikwe.

Kelele iliyobaki yaweza kuondolewa kesho kwa chombo bora zaidi. Konsonanti iliyofutwa katika nakala pekee hairudi.