Pongezi kwa Konstebo wa Zamani

Mkulima wa Mikinduri aliyeibiwa miraa huenda akahudumiwa kituoni na askari wa Taita au Turkana, naye akapewa namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio, baada ya kuelezana kwa Kiswahili. Utaratibu huu una mizizi katika polisi ya kikoloni ya Mombasa na Nairobi: maafisa Wazungu, mainspekta Wahindi, na chini yao konstebo Waafrika wa makabila mengi, kaptura za kaki na tarbushi kichwani. Ninaowapongeza ni hao wa chini. Mshahara wao ulikuwa haba na vyeo vya juu walinyimwa, lakini ndio walioshika doria usiku na kuamua ugomvi wa watu wasiojuana kwa nasaba wala lugha.

Wapo watakaosema walikuwa mkono wa mkoloni. Walikuwa. Machi 1922, Nairobi, polisi waliufyatulia risasi umati uliodai mwanasiasa Harry Thuku aachiliwe. Serikali yenyewe ilikiri vifo 21. Damu hiyo haifutiki, na sifa zangu haziigusi. Ninachosifu ni ujuzi: kuandika taarifa, kulinda ushahidi, kusimama kizimbani bila kuyumba. Bernard Hinga, Mwafrika wa kwanza kuongoza polisi ya Kenya, aliwakuta konstebo wanaoijua kazi hiyo.